Pakiti Shingoni mwa Punda Milia

Simu mbili zinaweza kulala mezani ubavu kwa ubavu na zisijuane. Ukimpigia mtu aliyekaa nawe benchi moja, sauti yako inakwenda hadi mnarani, inapita kwenye mitambo ya kampuni ya simu, pengine katika mji mwingine kabisa, halafu inarudi mpaka sikioni mwa mtu ambaye bega lake linagusa bega lako. Mnara ukizimika, mmebaki na vioo viwili visivyo na kazi. Tumeyazoea haya kiasi cha kudhani kwamba hayawezi kuwa vingine.

Yanaweza. Kuna mtandao usio na mnara wala kitovu, ambao kila chombo kilichomo kinatuma ujumbe wake na kinabeba wa wenzake. Redio yangu haikufikii wewe, lakini inamfikia aliye katikati yetu. Yeye anaupokea ujumbe, anaona si wake, anausogeza mbele. Akihama, njia nyingine inatafutwa kupitia kwa mwingine. Hakuna aliyekuja mapema kupanga nani akae wapi. Mtandao unazaliwa vyombo vinapokutana na unakufa vinapotawanyika, ndiyo maana tunaweza kuuita mtandao wa papo kwa papo.

Wazo hili lilikuwa likifanya kazi kabla simu za mkononi hazijafika madukani. Na sura yake ninayoipenda kuliko zote iliandikwa Kenya, kwenye nyika za Laikipia. Lakini safari yake ilianzia mbali na huko, visiwani.

Norman Abramson alikuwa mhandisi wa umeme aliyependa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na mwaka 1966 alihamia Chuo Kikuu cha Hawaii. Kompyuta ya chuo ilikuwa kwenye kisiwa cha Oahu, wakati matawi ya chuo yalitawanyika hadi visiwa vingine. Laini za simu za kuunganisha matawi hayo zilikuwa ghali na hazikutegemeka. Septemba 1968 Abramson na wenzake walianza mradi walioupa jina la salamu ya visiwa hivyo, ALOHA, wakitaka kutumia redio badala ya waya. Juni 1971 mtambo wa kwanza wa kuandikia ulianza kuzungumza na kompyuta kuu kwa njia ya hewa.

Kutuma data kwa redio hakukuwa kugumu sana. Ugumu ulikuwa kugawana hewa moja kati ya watu wengi. Desturi ya wahandisi wa wakati ule ilikuwa kumpa kila mtu masafa yake au zamu yake. Mtu akiwa kimya, masafa yake yanakaa bure na zamu yake inapita bure. Abramson alifanya jambo ambalo lingemshtua mwenyekiti yeyote wa baraza: aliondoa zamu. Aliye na neno, aseme. Ujumbe ulikatwa vipande vya herufi 80, kila kipande kikiwa na anwani yake na alama za kukagua kama kimefika kizima. Vipande hivyo ndivyo pakiti. Kompyuta ya kitovuni, waliyoiita Menehune kwa jina la watu wadogo wa ngano za Hawaii, ikipokea pakiti salama inajibu kwamba imeipata. Wawili wakisema kwa pamoja, pakiti zao zinagongana hewani na zote mbili zinaharibika. Jibu halirudi. Basi kila mmoja anasubiri kidogo, kwa muda anaojichagulia kwa bahati nasibu, halafu anarudia.

Ukipiga hesabu, njia ya namna hii haiwezi kutumia vizuri zaidi ya asilimia 18 ya muda wa hewa. Kinachobaki ni ukimya na migongano. Mwaka 1972 Larry Roberts alionyesha kwamba kiwango hicho kinaongezeka maradufu ikiwa kila mmoja ataanza kusema kwenye mwanzo wa kipande maalumu cha muda. Msomaji anaweza kuona asilimia 18 ni aibu. Mimi naona vingine. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta anafikiri zaidi kuliko anavyoandika, na hewa yake iko kimya karibu wakati wote. Abramson aliutazama ukimya huo na kuugawa bila kumwomba mtu yeyote ruhusa.

Kuhusu ruhusa kuna kisa ambacho Abramson mwenyewe alikisimulia. Mwaka 1972 alikuwa ofisini kwa Roberts huyo huyo, mkuu wa ofisi ya serikali ya Marekani iliyokuwa ikijenga ARPANET, mtandao wa waya uliounganisha vyuo na maabara. Ubaoni kulikuwa na orodha ya mahali ambapo mitambo ya mtandao huo ingepelekwa, kila pahala na tarehe yake. Roberts akaitwa nje. Abramson akachukua chaki, akaongeza jina la ALOHA kwenye orodha, na kando yake akaandika 17 Desemba, tarehe aliyoichagua karibu kwa kubahatisha. Roberts aliporudi waliendelea na mengine. Wiki mbili hivi kabla ya tarehe hiyo simu ililia Hawaii: mafundi walikuwa wanajiandaa kuja kufunga mtambo. Visiwa vikaungana na bara.

Hata hivyo ALOHA ilikuwa na kitovu. Redio za visiwani hazikubebeana mizigo. Zote zilimwendea Menehune. Aliyevunja kitovu ni mwingine.

Robert Kahn alijiunga na DARPA, idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, mwishoni mwa 1972. Jeshi lilikuwa na swali la wazi: askari hutembea, vifaru hutembea, nani atavutia waya nyuma ya kifaru? Na ukijenga mnara mmoja, adui anajua pa kulenga. Mwaka 1973 mradi wa redio za pakiti ukaanza, kwa kifupi PRNET. Maabara ya SRI ya Menlo Park, California, ilisimamia majaribio. Kampuni ya Collins ilitengeneza redio. Kampuni ya BBN iliandika programu za kituo. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilipiga hesabu za mwenendo wa pakiti. Redio za kurushia ziliwekwa juu ya vilima vinavyoizunguka ghuba ya San Francisco, Grizzly Peak, Mission Ridge, Mount Umunhum. Chini, barabarani, kulikuwa na gari.

Gari hilo leo limo katika Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko Mountain View, na ningependa kila mwanafunzi wa teknolojia alione japo kwa picha. Ni gari la mizigo la kijivu, la umbo la sanduku kama yale ya kusambazia mikate. Ndani lilijaa makabati ya redio na kompyuta. Lilizunguka mitaani na kwenye barabara kuu huku pakiti zikitoka na kuingia, na kila lilipopita chini ya daraja au nyuma ya kilima, pakiti zilipotea.

Hapa ndipo wengi wanaoandika historia ya intaneti wanapopita haraka mno. Tumefundishwa kwamba intaneti ilianza kwa waya, kisha miaka mingi baadaye ikajifunza kwenda bila waya. Ukifuata tarehe, mambo yako kinyume. ARPANET ilikuwa na utaratibu wake ulioamini kwamba mtandao haupotezi kitu: ukishatoa mzigo, umefika. Kwenye waya imani hiyo ilitosha. Kwenye gari la kijivu ilikuwa ndoto. Kahn alifikiria kwanza kuandika utaratibu mwingine kwa ajili ya redio peke yake, aiache ARPANET na wake. Akaona hapana, panatakiwa utaratibu mmoja ambao haujali chini yake kuna waya, redio au setilaiti, na ambao kazi ya kuhakikisha mzigo umefika inabaki kwa mtumaji na mpokeaji wenyewe. Mwaka 1973 alimwita Vinton Cerf wa Stanford wafanye kazi hiyo pamoja, na Mei 1974 wakachapisha makala yao. Utaratibu huo ni TCP. Ukisoma gazeti kwenye simu yako leo, unatumia kitu kilichobuniwa kwa sababu gari linaweza kuingia chini ya daraja.

Tarehe 27 Agosti 1976 gari liliegeshwa Portola Valley, nje ya baa ya zamani iliyojulikana kama Rossotti's. Watu wa SRI walitoa mtambo wa kuandikia, wakauweka juu ya meza ya mbao uani, wakavuta waya mfupi mpaka garini. Bia zilikuwepo. Don Nielson, aliyeongoza kazi ile, na wenzake waliandika ripoti yao ya wiki mezani pale, ikatoka kwa redio kutoka garini, ikaingia kwenye ARPANET, ikawafikia walioandikiwa. Ripoti ya kawaida ya ofisi, ya kurasa kadhaa. Lakini ilikuwa imevuka kutoka mtandao wa aina moja hadi mtandao wa aina nyingine bila mtu kuishika mkononi katikati.

Mwaka uliofuata, 22 Novemba 1977, gari lilikuwa kwenye barabara kuu ya Bayshore, likiwa mwendoni. Pakiti zake ziliingia PRNET, zikavuka Marekani kwa ARPANET, zikaruka Atlantiki kwa setilaiti hadi Ulaya, zikarudi, zikaishia kwenye kompyuta huko Marina del Rey, kusini mwa California. Cerf husema kwamba kwenda na kurudi zilisafiri maili 94,000, na hakuna hata biti moja iliyopotea, ingawa kati ya gari na kompyuta ile ni safari ya siku moja kwa barabara. Mitandao mitatu, utaratibu mmoja. Na aliyekuwa anatuma hakuwa amesimama.

Ndani ya PRNET yenyewe kulikuwa na kazi iliyowaumiza vichwa zaidi kuliko sherehe hizi. Mwanzoni kituo kimoja kilijua ramani yote na kuziambia redio zipitishe wapi. Ila kituo kikizimika, wote wamepotea, yaani kitovu kilikuwa kimerudi kwa mlango wa nyuma. Wakaamua kila redio ijichoree ramani. Kila baada ya sekunde 7.5, kila redio ilitangaza: mimi niko hapa, ninawajua hawa, na kwa fulani ninafika kwa hatua kadhaa. Majirani waliandika, wakasahihisha daftari zao, nao wakatangaza. Siku za utulivu ilikuwa nzuri. Lakini mpe kila askari redio, waambie wote watembee. Daftari linachakaa kabla wino haujakauka, na hewa inajaa matangazo ya njia mpaka nafasi ya ujumbe wenyewe inabanwa. Mwendo ulikuwa adui, na silaha pekee waliyokuwa nayo ni kutangaza mara nyingi zaidi.

Miaka ya themanini nitaipitia haraka. Mradi mwingine wa jeshi, SURAN, ulianza 1983, redio zikapungua ukubwa na bei, programu zikawa imara zaidi. Lakini zilibaki mali ya jeshi, na mtu wa kawaida hakuwa na chombo cha kubeba mkononi chenye akili ya kutosha kufanya kazi hii. Miaka ya tisini ndiyo iliyoleta kompyuta za kupakata na kadi za redio za kuchomeka, na ghafla swali la jeshi likawa swali la wanafunzi wa vyuo.

Mwaka 1994, London, Charles Perkins wa IBM na Pravin Bhagwat wa Chuo Kikuu cha Maryland waliwasilisha dawa ya ugonjwa mmoja wa zamani. Ugonjwa wenyewe ni uvumi. Njia ya kwenda kwa Ali imekatika; mimi niliyekuwa jirani yake nimejua. Kabla sijakwambia, wewe unanitangazia kwamba unaijua njia ya kwa Ali. Nafurahi, naandika kwamba kwa Ali ni kupitia kwako, wala sijui kwamba njia yako inapitia kwangu. Pakiti inazunguka baina yetu mpaka ichoke. Uvumi umerudi kwa aliyeuanzisha, naye ameuamini kama habari mpya. Perkins na Bhagwat walisema kila habari ya njia iwe na namba, na namba hiyo aiongeze mwenye nyumba mwenyewe. Ali akitangaza, namba ni shufwa: 100, 102, 104. Jirani akigundua kwamba Ali hapatikani, anatangaza namba witiri, 105. Ukisikia habari mbili, amini yenye namba kubwa. Ali akirudi atasema 106 na mambo yanatengemaa. Sijawahi kuona dawa ndogo kiasi hicho ikitibu ugonjwa mkubwa kiasi hicho.

Lakini bado ilikuwa kutangaza, kutangaza, kutangaza. Mwaka huo huo wa 1994, David Johnson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, alipendekeza jambo ambalo nadhani ndilo geuko halisi la historia hii: acheni kujua. Kama hakuna anayetaka kwenda kwa Ali, kwa nini sote tukeshe tunafuatilia njia ya kwa Ali? Ujumbe wake ukipatikana, ndipo tuulize.

Mtaani ndivyo tunavyofanya. Hakuna mtu aliyehifadhi kichwani ramani ya nyumba zote za kata. Ukitafuta kwa mtu, unauliza. Na kuna namna mbili za kuelekezwa. Ya kwanza unapewa njia nzima: pita dukani kwa mangi, ukiufikia msikiti kata kulia, uende mpaka kwenye mwembe, nyumba ya bati jekundu. Unaibeba kichwani safari nzima. Hiyo ndiyo ya Johnson na mwanafunzi wake David Maltz, iliyoitwa DSR: swali linarushwa kwa wote, kila linapopita linaandikiwa jina la aliyelipitisha, likimfikia mlengwa anairudisha orodha, na kila pakiti baadaye inabeba orodha hiyo mgongoni. Namna ya pili unaambiwa: nenda mpaka dukani kwa mangi, ukifika uliza tena. Kila mtu njiani anakumbuka hatua moja tu inayofuata. Hiyo ndiyo AODV, ambayo Perkins aliichapisha pamoja na Elizabeth Royer mwaka 1999, akiichanganya na zile namba zake za habari za njia. Ya kwanza inaongeza mzigo kwenye pakiti, ya pili inaongeza mzigo kwenye kumbukumbu za wapita njia, na mabishano kuhusu ipi bora yalijaza makongamano kwa miaka. Shirika linalotunga taratibu za intaneti lilikuwa limeunda kikundi maalumu kwa ajili ya mitandao hii mwaka 1997. AODV ilichapishwa rasmi na shirika hilo Julai 2003, DSR Februari 2007.

Karibu mabishano yote hayo yalifanyiwa ndani ya kompyuta, kwa vidoti vinavyotembea juu ya kioo. Kundi la Johnson lilipata heshima yangu kwa sababu lilitoka nje. Waliweka mitambo ndani ya magari matano yaliyozunguka barabarani Pittsburgh, vituo viwili vikiwa vimesimama kwenye ncha za eneo, na pakiti zikarushwa kutoka gari hadi gari. Waligundua kile ambacho kioo hakikuwaonyesha, kwamba redio halisi haina duara safi la kufika na kutofika. Inafika, inafifia, inarudi lori likishapita.

Kuna tatizo jingine ambalo lilikuwa likiwafuata tangu Hawaii. Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock walilieleza mwaka 1975. Unaweza kumfundisha mtu asikilize kabla ya kusema, lakini chukua watu wawili walioko pande mbili za kilima, na wa tatu kileleni. Wa pande mbili hawasikiani. Kila mmoja anasikiliza, anakuta kimya, anasema. Masikio ya wa kileleni yanapasuka. Mwaka 1990 Phil Karn, mpenzi wa redio za ridhaa, alitoa jibu ambalo Mswahili yeyote angeweza kumpa bure: piga hodi. Mwenye ujumbe anatuma pakiti fupi ya kuomba kuingia. Wa kileleni anajibu karibu, na ile karibu inasikika pande zote mbili za kilima. Asiyepigiwa karibu anajua mwenye nyumba ana mgeni, ananyamaza. Hodi na karibu ziliingizwa katika sheria za Wi-Fi za mwaka 1997, na zimo humo hadi leo.

Mwaka 2000 ulileta habari nzito. Piyush Gupta na P. R. Kumar wa Chuo Kikuu cha Illinois walithibitisha kwa hisabati kwamba mtandao wa vyombo vilivyosimama, vinavyobebeana mizigo, unamnyima kila mmoja kadiri unavyokua. Kila anayeongezeka anakuja na ujumbe wake, na ujumbe huo unawachosha wote walioko njiani. Wakiwa wengi mno, kila mmoja anashinda akibeba vya wenzake na nafasi ya chake inakaribia sifuri. Waliokuwa wakiota miji mizima isiyo na minara walirudi mezani kimya.

Halafu mwaka 2001 Matthias Grossglauser na David Tse wakauliza swali lililoachwa wazi: na kama vyombo havikusimama? Tuseme ujumbe wangu nampa mpita njia mmoja tu, asimpe mwingine, autunze mpaka siku atakapokutana ana kwa ana na mlengwa. Hatua mbili, basi. Waliobeba hawachoki kwa sababu kila ujumbe unapita hewani mara mbili tu. Miguu ndiyo inayofanya kazi. Hesabu ikatoka: nafasi ya kila mmoja haipungui tena kwa sababu ya wingi. Gharama yake ni muda tu, maana hujui watakutana lini. Kwa karibu miaka thelathini wahandisi walikuwa wamekimbizana na mwendo kama mwizi. Sasa walikuwa wameonyeshwa kwamba ndiye mchukuzi wao.

Wakati kazi hiyo inasomwa vyuoni, huko Princeton mtaalamu wa kompyuta Margaret Martonosi alikuwa amekaa na mwanabiolojia Daniel Rubenstein, aliyewachunguza punda milia wa Kenya kwa miaka mingi. Shida ya Rubenstein ilikuwa rahisi kueleza. Mnyama alivishwa kola yenye redio ya kulia mlio. Mtafiti akazunguka na gari na antena akiutafuta mlio huo. Akimpata, anaandika mahali na saa. Usiku hakuna anayezunguka. Mnyama akivuka bonde, amepotea kwa siku. Ulikuwa unajua punda milia alikuwa wapi siku ulipompata, na hujui chochote kuhusu siku nyingine zote.

Kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, walichokitumia kama kigezo cha kubunia mtandao wao, kina ardhi ya takriban kilomita za mraba 200, na wanyama hawasomi mipaka. Simu za mkononi hazikufika huko. Kusimika minara nyikani ni gharama. Kwa hiyo, katika makala yao ya Oktoba 2002, kundi la Princeton liliandika masharti yasiyo na huruma. Kola isizidi kilo mbili na kitu. Ipime mahali mnyama alipo kwa setilaiti kila dakika chache, mchana na usiku. Ifanye kazi mwaka mzima bila mtu kuigusa, kwa nguvu ya jua. Na pasiwe na kituo chochote kilichosimama. Kituo ni gari la watafiti, siku litakayokuja.

Walioujenga mtandao huo waliuita ZebraNet. Ubongo wa kila kola ulikuwa chipu yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti mbili, ambayo haitoshi hata kwa ukurasa mmoja wa makala haya. Redio haikuweza kuachwa wazi wakati wote, ingemaliza betri. Ilibidi kola zilale na kuamka. Lakini zitaamkaje kwa pamoja, kila moja nyuma ya kilima chake? Saa za setilaiti zilezile zilizowaambia mahali ziliwaambia pia wakati, kwa hiyo kola zote ziliamka kwa nukta moja, zikaita, zikasikiliza, zikapeana, zikalala.

Zikapeana nini? Hapa baiolojia ilimfundisha mhandisi. Punda milia wa kawaida huishi kwa familia: dume mmoja, majike kadhaa na watoto wao, na familia hiyo hukaa pamoja kwa muda mrefu. Ukimvisha kola mmoja, umejua njia ya wote. Familia hizo hukutana, hasa majini, hulisha karibu, kisha huachana. Kila makutano ni nafasi ya kola kupeana kumbukumbu. Waliandika njia mbili. Ya kwanza ni kumpa kila unayekutana naye kila ulicho nacho. Ya pili ni kumchagua: kola iliyokutana na gari la watafiti karibuni hupandishwa cheo, na wengine humpa yeye mizigo yao, kwa kuamini kwamba aliyeliona gari jana ana bahati ya kuliona kesho. Kumbukumbu ikijaa, kola inatunza vya mwenyewe kwanza na kutupa vya wageni. Habari ikishafika garini, tangazo hurudishwa mbugani: hii imeshapokelewa, msiibebe tena.

Januari 2004, katika hifadhi moja karibu na Nanyuki, punda milia wachache walivishwa kola hizo. Mwaka uliofuata watafiti walirudi tena. Kwa idadi lilikuwa jaribio dogo. Lakini kutoka gari la kijivu la California hadi hapo, mambo matatu yalikuwa yametimia kwa pamoja: hapakuwa na kitovu, hapakuwa na ramani, hapakuwa na hata njia kamili kati ya mtumaji na mpokeaji kwa saa yoyote ile. Kulikuwa na kukutana tu. Mwaka 2003 Kevin Fall alikuwa ameandika kanuni za mitandao ya namna hiyo, inayovumilia kuchelewa, akitumia mawazo ambayo Cerf na wenzake walikuwa wakiyatayarisha kwa ajili ya mawasiliano kati ya sayari. Nyika na anga za juu zilikuwa na tatizo moja.

Gari la watafiti linapokaribia maji asubuhi, redio yake huamka kwa saa ile ile ya kola. Jike mmoja yuko hapo amesimama, maji yamemfika kwenye kwato, masikio mbele. Kola yake inaanza kutoa: mahali alipokuwa saa nane za usiku, alipokuwa saa tisa, alipolala. Halafu inaendelea kutoa, na namba ya kola inabadilika. Si zake tena. Ni za dume wa familia nyingine aliyekutana naye siku kadhaa nyuma, usiku wake mmoja baada ya mwingine, bonde baada ya bonde, mpaka pale walipoachana. Dume mwenyewe yuko nyuma ya kilima, anakula majani, na hakuna garini aliyemwona.